Jina Lililokuwa Likibisha Makambako

Ukiandika jina la mtu kwenye mashine, nayo ikakujibu kwamba mtu huyo hayupo, kuna ubaridi unaokupita mgongoni hata kama unajua vizuri kwamba ni waya na umeme tu. Jina likiwa lako mwenyewe, ubaridi huo unazidi. Asubuhi ile Makambako niliandika jina langu, nikasubiri, jibu likaja kwa herufi ndogo nyeupe: hakuna mtumiaji huyo.

Niliandika tena, polepole, kama mtu anayemtajia mgeni jina lake. Hakuna mtumiaji huyo.

Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi. Kwenye korido mwanamke alikuwa akisema kwa sauti ya kukaukiwa, "Tumpeleke Njombe. Gari lipo nje. Tunangoja nini?"

Ngoja nieleze tulikuwa wapi na tulikuwa tunangoja nini.

Hospitali niliyokuwa nikiifanyia kazi ina nyumba mbili. Kubwa iko Njombe, kwenye kilima ambacho asubuhi za Juni nyasi zake zinakuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na wauguzi huvaa makoti juu ya sare. Ndogo iko Makambako, karibu na njia panda, pale malori yaendayo Zambia yanapokutana na malori ya mbao, na vumbi la mahindi linapenya mpaka ndani ya mashine zangu. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa nyumba zote mbili. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka na gari la dawa kuja kubadilisha feni moja iliyokuwa ikilia. Nilitegemea kula mchana nyumbani.

Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa watu. Lori la mbao lilikuwa limelala ubavu alfajiri likikata kona pale njia panda, na wapakiaji waliokaa juu ya mzigo walikuwa wamerushwa barabarani. Wengi walitoka na michubuko. Mmoja aliangukia shingo. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na alikuwa anaongea, jambo ambalo lilinipa moyo mpaka nilipomsikia anachosema. Alisema miguu inamuwaka moto. Baadaye akasema haisikii kabisa. Kisha ikamuwaka tena. Muuguzi alikuwa amemlaza chali na kumbana shingo pande zote mbili kwa mablanketi yaliyokunjwa, akamwambia asigeuze kichwa hata nzi akimtua puani.

"Hata nikipiga chafya?" mgonjwa akauliza.

"Chafya utapigia Njombe," muuguzi akamjibu, na mgonjwa akacheka kwa macho tu.

Daktari alinivuta pembeni. Alikuwa mtu mpole, lakini alinishika mkono kwa nguvu. "Sikiliza, dada. Kama pingili ya shingo imevunjika na tukambeba ovyo kwenye barabara ile, tutakata wenyewe kile kidogo alichobakiwa nacho. Hatatembea tena, au hatapumua tena. Ndugu zake wameleta teksi. Wanataka wamkalishe kiti cha nyuma. Siwezi kuwazuia kwa maneno matupu asubuhi nzima. Nipe ile picha."

Picha ilikuwa imeshapigwa. Hilo ndilo lililotutesa. Mtaalamu wa eksirei aliwapiga picha wapakiaji wote kulipopambazuka, mmoja baada ya mwingine. Mashine yetu ya eksirei tulipewa ikiwa imeshatumika, na kioo chake chenyewe kilikuwa kimepasuka zamani, kwa hiyo picha husafiri kwa waya mpaka kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyofungiwa katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Daktari huzifungua kwenye kompyuta ya mezani kwake, baada ya kuandika jina lake na neno lake la siri. Asubuhi ile aliandika jina lake na kompyuta ikamkataa. Muuguzi akakataliwa. Mtaalamu wa eksirei, ambaye alfajiri alikuwa amekubaliwa bila shida, naye akakataliwa. Shingo ya mtu ilikuwa imelala ndani ya sanduku hatua chache kutoka tulipo, na hakuna aliyejulikana vya kutosha kuitazama.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, usiogope, nitakueleza kwa njia niliyoelezwa mimi nilipokuwa naanza. Fikiria seva ya Makambako ni mlinzi wa getini. Ni mlinzi mwaminifu, lakini hamjui mtu yeyote. Majina ya wafanyakazi wote yanatunzwa Njombe, mahali pamoja, kwenye mashine tunayoiita saraka. Tulifanya hivyo ili mtu akiajiriwa aandikwe mara moja tu na ajulikane nyumba zote mbili, na akiondoka afutwe mara moja tu. Daktari akija getini, mlinzi anampigia mwenzake wa Njombe: unamjua huyu? Mwenzake akisema ndiyo, geti linafunguka. Mlinzi ana kumbukumbu fupi pia. Akishaambiwa kuhusu mtu, anamkumbuka kwa muda bila kuuliza tena, halafu anasahau. Ndiyo maana alfajiri alimkubali mtaalamu wa eksirei. Alikuwa bado anamkumbuka tangu jana. Jua lilipopanda, kumbukumbu ikaisha, na alipouliza Njombe hakupata jibu.

Aliyenieleza hivi alikuwa fundi mkuu wetu. Wote tulimwita Mzee, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Ndiye aliyeijenga saraka ile, ndiye aliyevuta waya wa seva ya Makambako kwa mikono yake, na ndiye aliyenifundisha kwamba mashine ikikataa, usiipige kofi, iulize swali dogo kuliko lile la kwanza. Alikuwa amefariki wiki kadhaa kabla ya siku hii. Tulimzika kwao Mawengi, kwenye mteremko wa mahindi, mvua ikinyesha.

Basi nikaanza na maswali madogo.

Niliweza kuingia kwenye seva kwa akaunti kuu, ambayo haitegemei Njombe. Hiyo ni kama ufunguo wa mwenye nyumba. Niliuliza kwanza: je, njia ya kwenda Njombe iko wazi? Nikatuma salamu ya mtandao, ikarudi. Njia ilikuwa wazi, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Waya ukikatika unajua nani wa kumpigia simu. Njia ikiwa wazi na majibu hayaji, ujue tatizo liko karibu na wewe na linakutazama.

Niliuliza saa ya seva, kwa sababu mashine mbili zisipokubaliana saa hazisikilizani. Saa ilikuwa sawa. Niliuliza kama anajua anwani ya mwenzake wa Njombe. Aliijua. Niliuliza kama ile programu inayopiga simu kuulizia majina inafanya kazi. Ilikuwa macho, inafanya kazi, haijalala hata kidogo. Nikaandika ile amri ya herufi mbili, id, na mbele yake jina la daktari. Hakuna mtumiaji huyo. Jina la muuguzi. Hakuna. Nikaomba orodha ya watu wote inaowafahamu, nikaletewa majina ya mashine yenyewe tu, yale yasiyo na mtu nyuma yake, na baada ya hapo weupe mtupu.

Nikafungua folda ya picha za asubuhi. Kwa kawaida kila faili lina jina la aliyelileta. Siku ile, mahali pa majina palikuwa na namba tupu. Seva ndani kabisa inatujua kwa namba, na majina ni nguo tunazovishwa ili tutambuane. Sasa nguo zote zilikuwa zimevuliwa. Nilipitisha macho chini kwenye zile namba mpaka ya mwisho.

Mtaalamu wa eksirei alikuwa amesimama mlangoni. "Si una ufunguo mkuu?" akaniuliza. "Vuta tu picha moja tuione."

"Nitavuta ipi?"

Akazitazama zile namba kwenye kioo. Alijua. Zilikuwa shingo za wapakiaji wote wa lile lori, zimeingia zikifuatana, na kinachofunga picha na jina la mgonjwa ni ile programu iliyokuwa inatukataa. Ningeweza kuvuta shingo nzima ya mtu mwenye michubuko, daktari akaisoma akatabasamu, na yule mwingine akakalishwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Mikono yangu ilitoka kwenye kibodi yenyewe, kama imeungua.

"Hapana," nikasema. "Afadhali tuchelewe."

"Tuchelewe mpaka lini?"

Mwanamke wa koridoni alikuwa amefika nyuma yake. Alikuwa mke wa mgonjwa, amejifunga kitenge juu ya sweta la kiume, na viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi wa shamba. Alitazama taa za kijani za seva zikicheza.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama. Kamwene."

"Kamwene." Aliniitikia salamu kwa mazoea, bila kuniangalia. "Wanasema kompyuta imekufa."

"Haijakufa. Imesahau watu. Natafuta nani wa kuikumbusha."

"Mume wangu kule ameanza kusema anaona usingizi," akasema. "Shemeji zangu wanasema mnatuzungusha. Wanasema kama ni mtu mkubwa angeshapelekwa. Mimi sijui. Nikimwacha hapa akafa, watasema ni mimi. Nikimpeleka akafa, nitasema ni mimi. Niambie wewe."

Nimefikiria mara nyingi nilichopaswa kumwambia. Nilichosema ni, "Asikalishwe. Nakuomba. Nipe muda kidogo, na wakati huo kaa kichwani kwake, muongeleshe, asilale." Aliondoka. Sikujua kama amenikubalia au amenichoka.

Nilibaki na swali moja ambalo sikuwa nimeuliza, kwa sababu ni la kipuuzi. Mlinzi wetu wa Makambako anapopiga simu Njombe, Njombe haimjibu kila mpiga simu. Majina ya wafanyakazi si ya kugawiwa ovyo. Mlinzi anapaswa kwanza ajitambulishe yeye mwenyewe: mimi ni fulani, na neno langu la siri ni hili. Akikubaliwa, ndipo anauliza habari za wengine. Sikuwahi kujiuliza mlinzi wetu anajitambulisha kwa jina gani. Lilikuwa jambo la siku za kwanza, lililopangwa kabla sijaajiriwa, na tangu hapo lilikuwa linafanya kazi tu.

Nikafungua kumbukumbu, yale maandishi ambayo mashine inajiandikia yenyewe kila inapofanya jambo. Yalikuwa yanatiririka. Mstari mmoja ulikuwa unajirudia, unatulia kidogo, unajirudia tena: ombi la kuingia, limekataliwa, jina halijulikani. Nikasogeza uso karibu na kioo nilisome hilo jina lisilojulikana.

Lilikuwa jina la Mzee.

Sitajifanya shujaa. Nilisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Feni ile mbovu ilikuwa inalia. Jina la mtu niliyemtupia udongo kaburini kwa mkono wangu lilikuwa linapita mbele yangu. Linabisha, linakataliwa, linangoja, linabisha tena. Kwa jinsi alivyokuwa mvumilivu akiwa hai, ndivyo lilivyobisha, bila haraka na bila kukata tamaa. Nikawaza, amekuwa akibisha tangu jana, na hakuna aliyemfungulia.

Kisha akili ikarudi taratibu, na nikaelewa, na kuelewa hakukuniondolea hofu.

Wakati ule wa mwanzo, Mzee alipokuwa anaunganisha Makambako, alitaka kuona kama inawezekana. Mlinzi alihitaji jina la kujitambulisha nalo, na Mzee akampa la kwake, kwa kujaribu. Ikafanya kazi. Wagonjwa wakaja, malori yakaja, na lile jaribio likawa geti. Kila mmoja wetu aliyekubaliwa Makambako kwa miaka yote ile alikubaliwa kwa sababu Mzee alikuwa mbele yake akisema, mimi ndiye, nifungulieni.

Na jana yake tulikuwa tumemaliza matanga.

Hapa inabidi ujue desturi ya ofisi yetu. Mfanyakazi akifariki, hatumgusi jina. Mafundi wa mjini wangeniambia akaunti inafungwa siku ileile, na wana sababu zao. Kwetu, koti lake linabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, kikombe chake kinabaki kwenye trei kikioshwa pamoja na vingine, na jina lake linabaki pale lilipo mpaka familia imalize matanga. Siku ya kumaliza, ofisi inatuma wawakilishi. Inasaliwa misa, watu wanakula, wazee wanakunywa pombe yao ya ulanzi, na wawakilishi wanakabidhi vitu vya marehemu mbele ya ukoo na kutamka kwa sauti kwamba hawajabaki na kitu chake. Wakirudi ofisini, ndipo jina linaondolewa. Baada ya hapo ni marufuku kumsumbua. Mtu akishaagwa namna hiyo haitwi tena kazini, hata kwa utani.

Aliyetuwakilisha Mawengi alikuwa afisa utumishi wetu, mama mtu mzima, mkali kwa taratibu na mwepesi wa machozi. Alikuwa amekabidhi koti. Alikuwa amekabidhi kikombe. Alimwambia mjane mbele ya watu, hatujabaki na kitu chake. Akarudi Njombe jioni, akawasha kompyuta kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa, akamwondoa. Tangu Mzee afariki, ufunguo wa saraka ulikuwa kwake yeye peke yake, mpaka atakapopatikana fundi mkuu mwingine.

Nilimpigia simu.

"Mwanangu, kamwene. Mmeamkaje huko?"

"Kamwene, mama. Hatujaamka vizuri." Nikamweleza. Nilieleza kwa utaratibu kama ninavyokueleza wewe, mlinzi, geti, jina. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye jina, nilisikia pumzi yake.

"Unasema anabisha."

"Seva ndiyo inabisha, mama. Kwa jina lake."

"Usinifundishe. Unasema jina lake linabisha huko, na mimi jana nimesema hatujabaki na kitu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Kulikuwa na njia mbili, na nilizisema zote. Njia safi ni kumtengenezea mlinzi jina lake mwenyewe, jina la kazi lisilo la mtu yeyote, kumpa ruhusa ya kuuliza tu, na kubadilisha maelekezo huku Makambako. Lakini yeye hajawahi kuifanya, ingebidi nimwongoze kwa simu hatua kwa hatua, na tukikosea ruhusa moja tungekaa kwenye giza hilihili. Njia ya pili ilikuwa fupi. Saraka haimtupi mtu siku ileile. Inamweka pembeni kwa muda. Angeweza kumrudisha kwa kubonyeza mara moja.

"Kumrudisha," akasema.

"Kwa saa chache. Jua halitazama akiwa bado yuko."

"Mwanangu, mimi nilishika mkono wa mjane. Huo mkono bado nausikia. Wewe unaniambia nimwite mume wake aje afanye kazi ya ulinzi Makambako."

Niliogopa kama yeye. Nimelelewa kwenye misheni, nimesoma sayansi, najua saraka ni nini, na bado niliogopa. Kwenye korido nilisikia viti vinasogezwa. Sauti ya mwanamume ikasema, "Shika miguu. Mimi nashika mabega." Daktari akasema kwa ukali, "Acheni!" Na juu ya hizo zote, sauti ya mgonjwa mwenyewe, ndogo, inauliza, "Tunakwenda?"

Nikainua simu kuelekea mlangoni. Sikupanga kufanya hivyo. Nilitaka tu mtu mwingine asikie ninachosikia.

Mama alisikia. Akasema kitu kwa Kibena kwa sauti ya chini ambacho hakikuwa changu kukisikia. Baadaye akasema kwa Kiswahili, "Angekuwa hai angekuwa ameshaondoka Njombe na pikipiki, yuko njiani kuja. Subiri."

Nilisubiri. Mstari kwenye kioo ukabisha, ukakataliwa. Ukatulia. Ukabisha, ukakataliwa. Nilijikuta nikiuangalia kama unavyoangalia kifua cha mtu aliyelala ukitaka kujua kama kitapanda tena.

Kisha ukabisha, na haukukataliwa.

Nikaandika id, nikaacha nafasi, nikaandika jina la daktari. Namba yake ikatokea, na pembeni yake jina lake lote. Kwenye folda ya picha zile namba tupu zikaanza kuvaa majina, faili baada ya faili. Niliinuka nikakimbilia korido.

Walikuwa wameshamwinua mabega. Si sana, kiasi cha kupitisha mkono chini yake. Shemeji mmoja alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, na mke alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kutokea amenyoosha mikono pande zote mbili, akiziba njia kwa mwili wake. Nikasema, "Imefunguka. Daktari, imefunguka. Mlazeni, taratibu, mlazeni."

Daktari aliandika jina lake akikosea, akafuta, akaandika tena. Picha ikajitokeza kijivu, na juu yake jina la mgonjwa, la huyuhuyu. Mimi siijui mifupa. Niliutazama uso wa daktari. Alisogeza kidole juu ya kioo bila kukigusa, pingili kwa pingili, akashuka, akasimama, akarudi juu kidogo. Kidole kikabaki pale.

"Imevunjika," akasema. "Kipande kimesogea ndani. Kimebakiza upana wa uzi kufikia mishipa ya fahamu." Akageuka kwa wale ndugu. "Njooni muone wenyewe. Njooni. Mngemkalisha, kile kipande kingeingia hapa."

Shemeji aliyeshika mabega alitazama, akatazama mikono yake, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani ameegemea teksi amefunika uso.

Mgonjwa aliondoka kabla ya adhuhuri, amefungwa juu ya ubao kutoka kichwani hadi miguuni, kola ngumu shingoni, ndani ya gari la wagonjwa lililoambiwa liende mwendo wa mtu anayetembea kila linapofika kwenye tuta. Muuguzi alikaa kichwani kwake. Mke alipanda akiwa ameshika viatu vya mumewe kifuani. Hakuna aliyejua bado kama atasimama. Daktari alisema tu kwamba tumemwachia nafasi aliyokuwa nayo.

Mimi nilikuwa na ahadi. Tulikaa kwenye simu na mama mchana kutwa, yeye Njombe na mimi Makambako, tukimtengenezea mlinzi jina lake. Niliogopa kuliko asubuhi, kwa sababu madaktari wa Njombe walikuwa wanafungua picha ileile kupitia geti lilelile, na nikikosea herufi giza lingerudi na mgonjwa akiwa kwenye meza ya upasuaji. Kila hatua nilimsomea mara mbili, naye akanisomea. Aliuliza maswali mazuri. Alipokosea ruhusa aliigundua mwenyewe kabla sijasema, nikamwambia anaweza kazi hii, akaniambia nisimdanganye mtu mzima.

Jua lilipokuwa limeinama juu ya mapaa ya mabati, mlinzi alibisha Njombe kwa jina lake jipya na akafunguliwa. Nilijaribu jina la daktari, la muuguzi, langu. Wote tulikuwepo.

"Sasa," mama akasema.

"Sasa, mama."

Hakubonyeza mara moja. Nilimsikia akisema maneno ya kumshukuru, kwa jina lake kamili, na kumwomba radhi kwa usumbufu. Aliongea naye kama anavyoongeleshwa mtu aliyerudishwa mlangoni kwa sababu alisahauliwa jambo. Kisha akanyamaza, na nikajua amebonyeza.

Niliandika id, nikaacha nafasi, nikaandika jina la Mzee. Mlinzi alikuwa bado anamkumbuka. Jina likatokea. Nilisubiri, nikaandika tena, likatokea. Nilikuwa na amri ya kumfanya asahau papo hapo, na vidole vyangu viliijua, lakini sikuiandika. Nilikaa kwenye kile chumba chenye feni inayolia, feni niliyoijia na ambayo sikuwa nimeigusa, mpaka kumbukumbu yenyewe ilipoisha.

Simu ililia wakati nakusanya bisibisi zangu. Alikuwa muuguzi, akipiga kutoka Njombe. Alisema wamemaliza kumfunga shingo, na kwamba amesogeza kidole kimoja cha mguu, cha kushoto, na mke wake anakataa kuamini mpaka akisogeze tena.

"Akikisogeza tena nipigie," nikamwambia.

Nikawasha taa ya chumba, nikakaa chini mbele ya feni, nikaweka simu juu ya goti.